Trela mbele ya mdai: nyumba au chombo cha usafiri?

Nchini Marekani, mtu aliyelemewa na madeni hanyang'anywi kila kitu. Tangu Texas ilipotunga sheria ya kwanza ya kinga ya makazi mwaka 1839, ikiwa bado jamhuri inayojitegemea, majimbo mengi yamemzuia mdai wa kawaida, kama vile hospitali au kampuni ya kadi za mikopo, kuipeleka nyumba ya mdaiwa mnadani. Utata huanza pale mdaiwa anapoishi katika nyumba ya kuhamishika iliyowekwa kwenye kiwanja cha kupanga, au katika trela ambalo bado lina magurudumu.

Florida imejibu kwa ukarimu. Kifungu cha 222.05 cha sheria zake kinamlinda mtu anayeimiliki na kuikalia nyumba ya aina hiyo, hata kama ardhi si yake, ilimradi yupo hapo kihalali. Texas imekaza zaidi: mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikataa kuipa kinga boti ya futi 68 iliyodaiwa kuwa makazi, ikisema kwamba makazi yenye kinga hayana budi kutulia juu ya ardhi.

Msimamo huo wa Texas haupaswi kubezwa. Kitu kinachoweza kufungwa nyuma ya gari usiku na kuvushwa mpaka wa jimbo humtia mashaka mkopeshaji yeyote, tena hakuna kinachomzuia mwenye fedha kuzificha ndani ya basi la kifahari la matembezi na kuliita nyumbani. Lakini hao ni wachache. Nyumba nyingi za kuhamishika hazihamishwi tena zikishawekwa: magurudumu huondolewa, uwazi wa chini huzibwa kwa mabati au plastiki, maji na umeme huunganishwa, na kuisogeza nyumba kuukuu hugharimu maelfu ya dola, pengine kuzidi thamani yake. Kwa maoni yangu, kipimo cha haki ni kama mtu anaishi humo kweli, kwa sababu kipimo cha ardhi humwacha nje yule asiyeweza kununua kiwanja.

Hata hivyo, watetezi wa sheria ya Florida huupita haraka udhaifu wake mkubwa. Kinga hiyo haimfungi aliyekopesha fedha za kununulia nyumba, wala haimgusi mwenye kiwanja anayepandisha pango. Mpangaji akifukuzwa, nyumba hubaki yake kisheria, ila hana pa kuiweka, hivyo huiuza kwa bei ya kutupa. Hapo tatizo si mdai tena, na sheria ya madeni haiwezi kulitatua. New Hampshire ililiendea kwa njia nyingine: mwenye eneo la nyumba hizo hutakiwa kuwapa wakazi notisi ya siku 60 kabla ya kuliuza, na kujadiliana nao kwa nia njema wakitaka kulinunua kwa pamoja.