Newport 1956: tunapenda saksafoni au tunapenda zile kelele?

Wapenzi wa jazi wana ubishi mmoja wa miaka mingi na ukisikiliza rekodi za laivu za zamani lazima utaukuta tu. Hivi kinachotupagawisha mle ni muziki wenyewe au ni watu wanaopiga kelele? Wengine wanasema jazi bila watu mbele ya steji imepungukiwa, studio inaua mzuka. Wengine wanasema makofi yanatuhonga masikio, yatoe uone kama solo yenyewe itasimama. Mi nina upande wangu nitausema, ila twende kwanza kwenye rekodi ambayo pande zote mbili zinaigombania, ya mpiga piano na kiongozi wa bendi Duke Ellington pale Newport.

Kwa asiyeijua, 1956 Ellington ana miaka 57, bendi kubwa nyingi zimeshavunjika na yeye watu wanamuona wa enzi zilizopita. Tarehe 7 Julai, tamasha la Newport huko Rhode Island, bendi yake ndo inafunga usiku, saa sita inakaribia na baadhi ya watu wameshaanza kuondoka. Akaita kibao chake cha 1937, Diminuendo and Crescendo in Blue, ambacho ni bluzi ya vipande viwili, na katikati hapo akamwachia Paul Gonsalves na saksafoni yake aina ya tenor apige solo mpaka achoke. Jamaa akapiga mizunguko 27 (mzunguko mmoja ni bluzi kuanzia mwanzo mpaka mwisho wake), yaani kama dakika sita nzima mtu mmoja anapuliza tu na nyuma yake Sam Woodyard kwenye dramu na Jimmy Woode kwenye besi hawalegezi hata kidogo. Kwenye mzunguko wa saba hivi dada mmoja mwenye gauni jeusi akainuka akaanza kucheza, waliokaa karibu wakainuka nao, pembeni ya steji Jo Jones aliyekuwa mpiga dramu wa bendi kubwa ya Count Basie anagonga mapigo kwa gazeti alilolikunja, basi uwanja mzima ukawaka. Mwezi uliofuata sura ya Ellington iko kwenye kava la jarida la Time, na albamu ikauza kuliko zote alizowahi kutoa. Mwenyewe baadae akawa anasema alizaliwa Newport 1956.

Sasa wanaopinga wana hoja nzito na tusiwapuuze. Ile albamu iliyotoka 1956 haikuwa ya laivu yote. Ellington hakuridhika na jinsi bendi ilivyopiga utunzi mpya aliouandaa kwa ajili ya tamasha, hivyo prodyuza George Avakian wa kampuni ya rekodi ya Columbia akawapeleka studio wakaurudia na makofi yakabandikwa juu. Watu wakasikiliza miaka na miaka wakijua wako uwanjani. Solo ya Gonsalves yenyewe ni ya kweli, imepigwa palepale, ila kwenye albamu ile ya kwanza inasikika kwa mbali kwa sababu alipulizia maiki ya Voice of America, redio ya serikali ya Marekani, badala ya maiki ya Columbia. Hebu lifikirie hilo. Saksafoni iko mbali, umati uko karibu, halafu dunia nzima inasema hii ndo solo bora! Lazima mtu makini aulize ni kitu gani hasa walichokuwa wanakisikia. Mpaka tepu ya Voice of America ilipokuja kupatikana kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, wakaiunganisha na ile ya Columbia na 1999 ikatoka albamu kamili, ndipo tukamsikia Gonsalves vizuri.

Halafu kuna hoja ya zamani zaidi, iliyoanzia kwenye maonyesho ya jazi ya mwandaaji Norman Granz yaliyoitwa Jazz at the Philharmonic, tangu 1944. Wakosoaji walilalamika kwamba wapuliza saksafoni wanashindana kupiga noti za kukwaruza kwa sababu ndizo zinazoinua ukumbi, kwa hiyo umati unaoshangilia kila kitu unawaharibu wanamuziki. Kuna ukweli hapo, baadhi ya zile rekodi ukizisikiliza leo zinachosha. Ila nawakumbusha kitu, Granz alikuwa anakataa kupiga mahali ambapo weusi na weupe wanakalishwa mbalimbali, na hiyo ni Marekani ya miaka ya 40. Zile kelele ni za watu waliokaa pamoja kwenye nchi ambayo sehemu nyingi ilikuwa haiwaruhusu kukaa pamoja. Kwangu mimi hiyo imo ndani ya rekodi, siwezi kuisikiliza kama takataka ya sauti.

Na wale wanaosema umati ndo unaoumba muziki nao wanajibuje kuhusu mpiga piano Bill Evans? Tarehe 25 Juni 1961, Village Vanguard, kile kiukumbi cha chini ya ardhi pale New York, Evans na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu walipiga seti tano siku moja. Glasi zinagongana, watu wanaongea mambo yao, makofi machache ya adabu tu. Siku kumi na moja baadae LaFaro akafa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 25. Hizo rekodi ni kati ya kazi nzuri kabisa za piano, besi na dramu ambazo jazi inazo na waliokuwepo mle ndani wengi walikuwa wanakunywa na kupiga soga. Hakuna aliyewapandisha mzuka, walisikilizana wenyewe watatu.

Kwa hiyo mi naona hivi, makofi yanatuambia ukumbini kulikuwa na hali gani, hayatuambii muziki ni mzuri kiasi gani, na vitu hivi viwili tunavichanganya kila siku. Msikilize Gonsalves kwenye toleo la 1999 uone, jamaa hakwaruzi, hapandi juu kutafuta makelele, anakaa kwenye sauti za katikati, vipande vifupi vifupi, anavirudia anavigeuza, anaulalia mdundo wa Woodyard. Umati unapopanda yeye habadiliki. Watu ndo wanamfuata yeye, yeye hawafuati wao, na hapo ndipo wakosoaji wamekosea, walisikia umati wakamhukumu mpulizaji. Hata Ellington mwenyewe alijua kuushika ule umati, waandaaji walipoanza kuogopa fujo akamleta mpiga saksafoni wake Johnny Hodges na kibao cha polepole watu wakatulia bila kufukuzwa.

Lililoniuma ni la baada ya hapo. Gonsalves akageuka mtu wa kuombwa ileile kila mahali, mizunguko mingi, haraka, tupe Newport. Na huyu alikuwa fundi mkubwa wa baladi, yaani nyimbo za polepole, mwenye sauti laini ya pumzi pumzi ambayo wengi hawakuja kuisubiri. Hapo ndo nakubaliana kabisa na wanaowalaumu mashabiki.

Kuhusu kuhariri, sipo na wanaotaka kila kitu kiachwe kama kilivyo. Mpiga saksafoni Cannonball Adderley 1966 alirekodi albamu ya Mercy, Mercy, Mercy!, kava linasema klabu ya Chicago kumbe ni studio ya kampuni ya rekodi ya Capitol kule Hollywood wamealika watu na kuwapa vinywaji. Watu ni wa kweli, wanaitikia kweli, bendi inawasikia na inawajibu, uongo uko kwenye jina la mahali tu. Hiyo naivumilia. Makofi ya kubandika siyavumilii kwa sababu pale bendi ilikuwa inapiga peke yake na mimi naaminishwa kuna mtu aliinuka. Wanaozitoa upya hizi albamu waache glasi zigongane na watu waongee, ila waandike wazi kipande kipi kilipigwa wapi.