Mchanga wa mtaroni unarudi mtaroni

Jumamosi vijana walizibua mtaro wa mtaani kwetu. Walianza alfajiri, miguu peku, wakazoa mchanga, chupa, pampasi na godoro zima lililonasa chini ya kivuko cha duka. Mchanga wote wakauacha ukingoni, tuta refu kama la viazi. Jumatatu ilinyesha nusu saa tu. Nilisimama barazani nikauona ukiporomoka wote, mtaro ukajaa upya, na machozi ya hasira yakanitoka.

Vijana siwalaumu. Nilimuuliza mmoja, akanijibu: "Mama, sisi tumelipwa kuzoa. Gari haimo."

Gari haimo! Ugomvi wangu wote uko hapo. Kila baada ya mafuriko tunahesabu kilomita za lami. Njia ya maji haina wa kuihesabu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga na kwingineko wilayani Kilwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki imekatika na Dar es Salaam. TANROADS, wakala wa barabara kuu, walikesha kurudisha njia, hilo nawapa. Lakini kifusi cha usiku mmoja hakiwezi kupanua kalavati lililo dogo kuliko mto wake. Ukinyanyua tuta la barabara na matundu ya chini yakabaki yale yale, umejenga bwawa. Maji yatajaa upande wa juu, yatavuka, yatakwangua udongo upande wa pili mpaka lami ibaki inaning'inia hewani. Tumeona mara ngapi?

Kwa hiyo mkandarasi akija, mimi namuuliza kitu kimoja: maji yanatokea wapi na yanaishia wapi? Mtaro wetu wa zege, mzuri kweli, unaishia nyuma ya ukuta wa nyumba ya mtu. Bibi wa pale analala na viroba vya mchanga mlangoni kila masika, na mjukuu wake anajua kupandisha magodoro juu ya kabati bila kuambiwa. Ana miaka saba.

Ndiyo, taka tunatupa wenyewe, na ni aibu. Ndiyo, wapo waliopewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa Dar es Salaam, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakarudi bondeni. Lakini si wao waliopima kipenyo cha kalavati.

Leo asubuhi majirani tumechanga elfu mbili mbili, tumekodi guta. Limekwenda safari nne. Rundo bado lipo, na mawingu yameshafunga.