Sahani nyuma ya pazia

Jumapili ya kwanza ya Ramadhani, baada ya ibada, kijana mmoja fundi rangi alinisubiri chini ya mwembe mpaka watu wote wakaondoka. Ametoka Mbeya, na hapa Unguja ana miezi minane. "Shikamoo mchungaji," akasema. "Nina swali, ila usinikasirikie. Mimi sijasilimu. Kwa nini nifungishwe?"

Yeye na wenzake wanamalizia nyumba ya ghorofa huko Fuoni. Mama aliyekuwa akiwaletea wali na maharage saa saba ameacha kuuza mpaka Idi. Ijumaa ile alinunua boflo asubuhi, akaila mchana ndani ya stoo ya saruji, amegeukia ukutani, mwenzake akichungulia mlangoni. "Nilijiona kama mwizi," aliniambia.

Nilimjibu harakaharaka, maneno ya heshima kwa wenyeji. Akaitikia, "Sawa mchungaji," kwa sauti ya mtu ambaye jibu halikumshibisha. Nami halikunishibisha. Haya ninayoandika ndiyo majibu niliyopaswa kumpa pale mwembeni.

Jambo lenyewe linajulikana. Machi 2024 polisi Zanzibar waliwakamata watu kadhaa kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani, na maneno yakawaka pande zote mbili za Muungano. Wa Bara wengi wakauliza nchi isiyo na dini inamkamataje mtu kwa kutafuna. Wakataja Katiba ya Muungano ya 1977, ibara ya 19, na Katiba ya Zanzibar ya 1984, ambayo nayo uhuru wa imani imeuweka katika kifungu cha 19. Wa hapa wengi wakajibu kwamba mgeni akiingia nyumba ya watu huvua viatu mlangoni, hasubiri sheria imwambie.

Katika maneno yote hayo, sisi Wakristo wa Visiwani tulitajwa sana na kuulizwa kidogo. Wengine walituchora kama watu wanaoonewa. Wengine, na hawa ni ndugu zetu wa imani, walituona waoga: mnaficha sahani, mnaweka pazia, mnakubali. Mimi nimeficha sahani Ramadhani nyingi, na ninataka kueleza kwa nini, kwa sababu sidhani kama imeeleweka.

Mtaani kwetu wananiita padri, ingawa mimi si padri. Nimeacha kuwasahihisha. Jirani yangu wa upande wa kusini, bibi mtu mzima, ndiye huniambia, "Padri, mwezi umeandama." Tangu jioni ya kwanza mjukuu wake hupitisha sahani juu ya ukuta wetu mfupi: siku nyingine tambi, siku nyingine muhogo wa nazi, mkate wa kumimina, kalimati chache juu ya karatasi. Hajawahi kuniuliza kama nimefunga. Na sahani yake hairudi tupu, hilo mke wangu alilijua kabla yangu. Mtu anayekulisha jioni kwa mwezi mzima, mchana ule ule huwezi kukaa barazani mbele ya mlango wake na sahani ya pilau. Hakuna askari aliyenifundisha hivyo. Ningeona aibu, basi.

Kuna jambo jingine ambalo wa mbali hawaliangalii. Wanaokula mchana wa Ramadhani hapa si Wakristo peke yao, na wala si wao walioanza kujificha. Uislamu wenyewe umemruhusu mgonjwa asifunge, na msafiri, na mwanamke aliye katika hedhi au nifasi, na mjamzito na mwenye kunyonyesha wanaohofia afya, na mzee asiyejiweza. Wengine watalipa siku hizo baadaye, wengine watatoa chakula kwa maskini. Sasa waulize kina mama wa Kiislamu walioruhusiwa wanakula wapi. Wanakula jikoni, mlango umerudishwa, watoto wasione. Dada mmoja muuguzi aliwahi kuniambia kwamba katika siku zake za udhuru hata maji hunywa amejiinamia, ilhali anajua fika kwamba hana dhambi. Anayestahili kufunga akala kwa siri, huyo mitaani huitwa kobe, na kila mtu anajua maana yake. Lakini mwenye udhuru anajisitiri bila kuitwa jina lolote.

Nilipoelewa hilo, stoo ya saruji ilibadilika machoni pangu. Mkristo anayejisitiri hapa hajawekwa daraja la pili. Amefuata adabu ile ile anayoifuata bibi mwenye kisukari wa nyumba ya pili. Kujisitiri ni desturi ya nyumba nzima kwa kila asiyefunga, awe na sababu ya dini au ya mwili. Kijana wangu wa Mbeya alijiona mwizi kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba saa ile ile, nyuma ya milango ya mtaa mzima, Waislamu kadhaa nao walikuwa wakila wamegeukia ukutani.

Na ukaribu huu haukuanza jana. Edward Steere, aliyefika hapa mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, ameandika mwenyewe kwamba Sheikh Abdul Aziz, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa mji, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilichotakata. Kanisa la Mkunazini, lililowekewa jiwe la msingi Krismasi ya 1873 penye soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo, lina saa mnarani ambayo husimuliwa kuwa ni zawadi ya Sultani Barghash. Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Nasema kwamba kanisa la visiwa hivi halijawahi kuishi bila kupokea kitu kutoka mkononi mwa Mwislamu, na anayepokea naye hutafuta cha kutoa. Kwa mwezi mmoja wa mwaka, tunachoweza kutoa ni kutokula mbele yake.

Ndugu zetu wa Bara wanaponikumbusha uhuru wa Mkristo, hunisomea Paulo. Wana haki. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10, Paulo anauliza kwa nini uhuru wake uhukumiwe na dhamiri ya mtu mwingine. Lakini sura mbili tu nyuma, mtu huyo huyo anasema kwamba kama chakula kinamkwaza ndugu yake, hatakula nyama kabisa. Nimehubiri sura hizo zaidi ya mara moja, na kila mara naona kwamba hazipingani. Anayeacha nyama katika sura ya 8 ni mtu huru. Mfungwa hawezi kuacha nyama kwa ajili ya jirani, amenyimwa tu.

Hapo ndipo shida yangu na polisi inapoanzia, lakini kwanza niwatendee haki wanaoutetea ukamataji. Hawa si watu wakatili. Wengi ni wazee walioona Ramadhani ya zamani, mji ulivyokuwa ukinyamaza mchana na kufufuka magharibi, na wanaona mji ule unawaponyoka. Wageni wamekuwa wengi. Mwaka 2024 peke yake watalii zaidi ya 700,000 waliingia katika visiwa vyenye wakazi karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, na nyuma ya watalii wamekuja wafanyakazi kutoka kila mkoa wa Bara. Jirani wa zamani alijua adabu bila kuambiwa. Huyu wa leo kapanga chumba miezi mitatu, hajui jina la mwenye nyumba wa pili, na akila chipsi barabarani saa nane mchana hajui kwamba kamuumiza mtu. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza, "Padri, adabu ikifa, tuilinde kwa kitu gani?" Swali hilo silidharau.

Jibu langu ni kwamba mkono wa askari hauilindi, na huenda unaimaliza. Tazama unamfikia nani. Mtalii anakula hotelini, kwenye ukumbi wake, na hakuna anayemgusa. Visiwa vinaishi kwa fedha yake na hilo halifichiki. Mwenye nyumba anakula kwake. Anayebaki hadharani ni yule asiye na ukumbi wala nyumba: kibarua wa ujenzi, mchukuzi wa bandarini, dereva wa bodaboda, mwanamke aliyekuwa akiuza chakula na sasa mwezi mzima hana kipato. Nimelifikiria jambo hili usiku mwingi. Wawili wanakula mkate ule ule saa ile ile. Kinachomtenga mmoja na mwenzake ni kwamba mmoja ana ukuta na mwingine hana. Sheria inayosema inalinda mwezi wa kuwahurumia maskini, ikawakuta maskini peke yao, lazima iwasumbue hata wanaoipenda.

Na askari anajuaje? Kisukari hakiandikwi usoni. Safari haiandikwi usoni, wala hedhi. Ukimkamata mtu anayekunywa maji Darajani, utamuuliza nini? Kama ni mwanamke Mwislamu mwenye ruhusa ya dini yake, atalazimika kumweleza askari mwanamume jambo ambalo hajamweleza hata kaka yake. Desturi ilikuwa na hekima ya kutouliza. Polisi hawawezi kutouliza.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni hofu. Aliyeishi hapa 2012 na 2013 hawezi kulisahau. Makanisa yalichomwa Mei 2012. Novemba mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga, kiongozi wa Kiislamu, alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi akajeruhiwa, na tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Mtoni, akienda kuongoza misa ya Jumapili. Waislamu na Wakristo tuliumia, na ninamtaja Sheikh Soraga kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaosimulia miaka ile kama vita vya upande mmoja.

Ramadhani iliyofuata nilificha sahani yangu kama miaka yote, nikashindwa kujua kwa nini ninaificha. Mkono ulikuwa ule ule na pazia lile lile, lakini ndani yangu sikuweza kutenganisha heshima na woga. Bibi jirani akaleta futari kama kawaida, nikaipokea, nikashindwa kumtazama. Ilinichukua muda mrefu kurudi mahali ambapo najisitiri kwa ajili yake, si kwa kumwogopa mtu nisiyemjua. Kwa hiyo ndugu wa Bara akiniambia heshima yangu ni woga, siwezi kumcheka. Kuna mwaka alikuwa sahihi. Na kila mtu anapokamatwa kwa kula, naona mwaka ule ukirudi: kijana wa Mbeya anaficha mkate, na hawezi tena kujua, wala jirani yake hawezi kujua, kama amempa heshima au amekwepa karandinga. Mwislamu aliyefunga amenyang'anywa zawadi yake hapo, na aliyempokonya ni yule aliyesema anamlinda.

Miaka hii Kwaresima na Ramadhani zimekuwa zikikutana. Ijumaa Kuu ya 2024 ilikuwa tarehe 29 Machi, katikati ya mwezi mtukufu, na 2025 Jumatano ya Majivu ilikuja tarehe 5 Machi, siku chache baada ya mwezi kuandama. Ijumaa Kuu ile nilitembea kutoka kanisani mchana, tumbo tupu, nikapita katikati ya watu wenye matumbo matupu. Muuza tende aliniambia, "Padri, leo nawe umekauka midomo." Nikamwambia leo ni yetu. Akaniombea kheri. Katika mtaa wote hakukuwa na mtu aliyelazimishwa, mimi wala yeye, na ndiyo maana tuliweza kuzungumza.

Sitaki migahawa ifunguliwe vibarazani ili kuonyesha kwamba Katiba ipo. Mkristo atakayekwenda Forodhani saa tisa mchana na sahani ya urojo ili apigwe picha, asitegemee niende kumtetea kama shahidi wa imani. Ninachoomba ni kidogo. Mahali pa kula pasipoonekana paruhusiwe waziwazi, penye pazia, ili mama wa wali asipoteze mwezi mzima na kibarua asile kwenye saruji. Anayekosea, sheha wa shehia au mzee wa mtaa amwendee kwanza, amwambie kwa jina, na kama ni wa kanisani kwetu tuitwe sisi. Sisi wachungaji tuwafundishe wageni wetu kabla mwezi haujaandama, si baada ya mtu kukamatwa. Hapo tumezembea, na kijana yule ni ushahidi dhidi yangu.

Jumatatu baada ya mazungumzo yetu nilikwenda Fuoni. Msimamizi wa ujenzi ni Mwislamu wa Makunduchi, amefunga, na hakujua kwamba vijana wake wanakula stoo. Alisononeka kuliko nilivyotarajia. Akaniambia, "Si wangeniambia, padri?" Jioni ile mabati manne yalisimamishwa nyuma ya jengo, upande wa mnazi, na benchi moja la mbao likawekwa ndani. Mama wa wali amerudi, anapitia uchochoro wa nyuma saa saba, vyungu vimefunikwa kanga.