Shemeji hakuwaambia yote

Wadau, najua ile sauti ya shemeji kuhusu windo letu la juzi imeshazunguka kila grupu, kuanzia la Watanzania wa hapa Anchorage hadi la ukoo kule Tanga. Jana shangazi kanipigia kuniuliza kama ni kweli nilikwenda kuwinda bila risasi. Shangazi, risasi nilikuwa nayo. Ila ilifika hatua nusu yake iko ndani ya bunduki na nusu nimeishika mkononi.

Sasa nisikilizeni na mimi.

Bunduki yenyewe ni .375 H&H (Holland & Holland). Mnaoijua mnaijua: ilitoka London mwaka 1912, wawindaji wa nyati huko nyumbani wanaiheshimu hadi leo, na hapa Alaska watu huibeba kwa ajili ya dubu. Risasi zake dukani bei yake inauma, nikaamua nitajaza mwenyewe. Nikanunua mashine, mizani, kalipa ya kupimia urefu, maganda, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na vichwa vya gramu 19 na ushee. Mke wangu akauliza, kwa hiyo hapa tunaokoa hela? Nikamwambia ndiyo, mbele ya safari. Bado tuko safarini.

Kwenye baruti nilikuwa mtiifu. Unaanza na kipimo cha chini cha kitabuni, unapanda taratibu, huku unaangalia fataki isije ikawa bapa na bolti (komeo la nyuma la bunduki) isianze kuwa ngumu kufunguka, maana hizo ni dalili kwamba shinikizo limezidi. (Mnaonifuata inbox kuomba vipimo, acheni. Kila bunduki na yake, na mimi mwezi huu si mtu wa kuombwa ushauri.) Ugonjwa wangu ulikuwa kwenye urefu. Kuna watu wanaamini kwamba kichwa cha risasi kikikaa karibu kabisa na mifereji ya mtutu (ile iliyochongwa ndani ili kukizungusha) kabla hakijafyatuliwa, kinaingia kimenyooka na shabaha inatulia. Mimi nikakisogeza mbele, nikakisogeza tena, mpaka kikagusa. Na shingo ya ganda sikuibana ikishike kichwa, kwa sababu nilisoma mahali kwamba kubana kunaharibu shabaha. Kwenye uwanja wa shabaha, mita 100, matundu matatu yakafunikwa na sarafu ya robo dola. Picha niliweka hapa na mkalaiki, msijifanye hamkumbuki.

Isichoonyesha ile picha ni kwamba pale uwanjani nilikuwa naweka risasi moja moja kwa mkono, moja kwa moja kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Na kila iliyoingia ilitokea mbele, kwa kishindo. Hakuna hata moja niliyowahi kuirudisha nyuma.

Septemba ikafika, msimu wa musi. Kwa ambao hamjamwona, ni wa jamii ya kulungu, lakini dume lake linafika kilo 700. Shemeji alikuja na bunduki yake ya .30-06 yenye kitako kilichochubuka na boksi la risasi za dukani. Nilimwonea huruma, wallahi.

Asubuhi tukajiandaa nje ya hema. Nachukua risasi ya kwanza, naiweka kwenye magazini, haiingii. Naigeuza, naisukuma, naigonga kwa kiganja. Haiingii. Urefu wa kawaida wa hiyo risasi ni milimita 91.4, magazini imetengenezwa kwa huo urefu, na zangu zilikuwa zimezidi.

“Vipi, shem?”

“Nataka niende na moja tu. Mwindaji anayejiamini moja inamtosha.”

Hakujibu. Na huyu bwana akikaa kimya ujue anakusanya.

Tukamkuta dume ng'ambo ya kijito, kichwa chote kakitumbukiza kwenye mierebi, anakula. Risasi yangu moja iko chemba. Ilibidi tuvuke ili tumpate vizuri, na mawe ya kile kijito yana utelezi. Shemeji akaninong'oneza, “Toa risasi kwanza, shem. Mimi bado nina watoto.”

Agizo la haki kabisa. Nikainua mkono wa bolti polepole, nisipige kelele. Nikavuta. Kama kuna kitu kinanishika hivi. Nikavuta kidogo zaidi, kikaachia, *tup*. Ganda likatoka.

Ganda peke yake.

Nikaliangalia. Lina mdomo wazi. Kichwa kimebaki kule mbele, kimeng'ang'ania mifereji, palepale nilipokipeleka kwa mapenzi yangu yote. Halafu nikasikia *chrrrr*. Baruti inamwagika. Vile vipunje vikapita kwenye reli za bolti, vikaingia magazini, vikateremka hadi kwenye triga, vingine vikatua juu ya buti. Musi akainua kichwa, jani limening'inia mdomoni. Ananitazama.

Nikafanya nini? Nikapuliza. Baruti ikanirudia jichoni.

“Shem, unafanya nini?”

“Naisafisha.”

“Saa hizi?”

Nikafunga bolti, inakwaruza njia nzima. Nikafungua. Mkono ukaenda mfukoni kuchukua risasi nyingine, na hapo, namshukuru Mungu, akili ikarudi: mtutu una kichwa ndani yake, ukifyatua nyingine nyuma yake unaweza kupasuka usoni kwako. Dawa ni fimbo ya kusafishia, unasukuma kichwa kitoke. Fimbo ilikuwa Anchorage, juu ya meza. Basi nikaigeuza bunduki juu chini, nikaitikisa. Nikaitikisa tena, jicho moja limefumba linatoka machozi, na yule dume bado kasimama. Shemeji anasema hapo ndipo alipoanza kumfikiria dada yake.

(Anasema pia kwamba nililia. Ilikuwa baruti. Na musi hakucheka, hiyo kaongeza yeye.)

Yaliyobaki ni mafupi. Akavuka peke yake, bismillah, akapiga moja, akachinja. Sheria ya Alaska haikuruhusu kuacha porini nyama inayolika, kwa hiyo nilibeba hadi jioni na mgongo bado unaniambia. Nyumbani fimbo ikaingia mdomoni mwa mtutu, gonga mbili tatu, kichwa kikatoka. Triga nikaiosha. Risasi zilizobaki nimezifupisha na shingo nimezibana, zinaingia magazini na kutoka bila ugomvi, ila matundu sasa yanaizidi sarafu. Nilipomlalamikia shemeji akaniambia, “Shem, ubavu wa yule mnyama ni mlango wa friji. Wewe ulikuwa unamtafuta kwenye kitasa?”

Friza imejaa. Jana tumepika pilau, mke wangu kaniwekea sahani kwa heshima zote, kakaa pembeni, kasubiri nimeze tonge la kwanza ndipo akasema, “Karibu nyama ya kaka.” Leo ni mchuzi, na kaniambia hivyohivyo.