Siku Maji Yaliposhikwa na Homa

Nikiwa mazoezini kwenye maabara moja hapa Mtwara mjini, nilipewa kupima TNF-alfa, protini ambayo mwili huitumia kupigiana mbiu kwamba kuna uvimbe. Damu ilitoka kwa panya weupe 40. Panya mmoja hajazi hata kijiko cha chai, kwa hiyo seramu yake, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, niliibeba kama sonara anavyobeba vumbi la dhahabu.

Kipimo ni Elaiza. Sahani ya plastiki ina vishimo 96, na kila kimoja kimepakwa kingamwili za kuinasa hiyo TNF. Panya 40, kila mmoja vishimo viwili, 80. Kumi na vinne vya kulinganishia. Viwili vya mwisho maji matupu ya kuchanganyia. Unaweka seramu, unaosha. Kingamwili ya pili, unaosha. Kimeng'enya cha kuleta rangi palipo na TNF, unaosha. Ni kuosha tu, utadhani umealikwa jikoni kwenye shughuli. Kila ukiosha unaigeuza sahani kichwa chini, unaigonga kwenye tishu, pa! pa! pa! mpaka tone la mwisho.

Nimeshaweka kimeng'enya, nasubiri dakika 30, simu ikalia. Mjomba wa Newala, yuko stendi.

"Mpwa, nasikia unafuga panya."

"Wa utafiti, mjomba."

"Wangapi?"

"Arobaini."

"Arobaini! Na umekaa kimya?"

Mtu wa kusini ameshaelewa. Kwa wageni: panya wa porini huku huitwa samaki nchanga, na akichomwa vizuri hutabaki na la kusema. Robo saa nzima namweleza mjomba kwamba hawa wamechomwa sindano ya sumu ya bakteria.

"Hata mkia?"

Nikakata simu, nikarudi mbio, nikamimina dawa ya rangi.

Kawaida bluu hupanda taratibu. Siku hiyo ilipanda kama nili ya kufulia, sahani nzima. Moyo ukanidunda: nimegundua jambo! Nikaisimamisha kwa asidi ya salfa, vyote vikawa njano kama bibo bivu, nikamwita dada fundi sanifu.

"Dada, panya wote wana uvimbe wa kutisha!"

Akainama, akaweka kidole kwenye vishimo viwili vya mwisho, njano ile ile.

"Na huyu ni panya gani?"

"Hapo hakuna panya, dada. Ni maji."

"Kwa hiyo maji yana homa."

Kisha akaitazama chupa ya kuoshea, imejaa mpaka shingoni. Akaokota tishu. Kavu. Kimeng'enya chote kilikuwa bado kimo mle, kinapaka rangi kila kilichomo, TNF iwepo isiwepo. Na seramu haikubaki hata tone.

Jioni nikamsimulia mjomba.

"Ngoja," akasema. "Damu umeiharibu. Nyama je?"

"Tuliichoma wiki iliyopita."

"Mliichoma kwa chumvi na ndimu?"

"Kwenye tanuri la taka, mjomba."

Akakisukuma kikombe cha chai, akaniomba nauli ya kurudi Newala.