Bakuli la Haskap na Mzambarau wa Tabata

Jana jioni nimechuma haskap bakuli moja. Lile la kunywea uji, tena halikujaa. Nimelisubiri miaka mitatu. Nikapiga picha, nikatupia kwenye grupu la familia, na kaka akajibu hata simu sijaiweka chini: "Ndiyo hizo tu? Si zambarau hizo?"

Hajakosea sana. Haskap ni tunda dogo la buluu, refu kama kidonge cha rangi mbili, lina ukungu mweupe juu ya ganda, na ukilitafuna ulimi unageuka rangi ileile mnayoijua. Ila ni chachu, hiyo nakubali.

Naishi Saskatoon, Kanada. Januari tunashuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri, siku mbaya 40, na udongo unakuwa zege. Kichaka cha haskap kinalala humo humo, kimefunikwa theluji. Mei kinachanua, na ua lake linavumilia nyuzi 7 chini ya sifuri bila kufa. Julai inapoingia watu wanachuma. Chuo kikuu cha hapa kina wataalamu waliotumia miaka kuoanisha mbegu za Urusi na za Japani mpaka wakapata aina za kupanda nyumbani. Watu wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo, jamani!

Mimi nilinunua miche miwili, yote aina ya Tundra, na muuzaji alipokea hela akanyamaza. Ikachanua vizuri, nyuki wakaja, matunda hakuna. Bibi jirani akasimama uzioni akaniambia, huku anacheka, kwamba nimeozesha ndugu kwa ndugu. Haskap inataka mwenza wa ukoo mwingine. Nikaongeza aina nyingine, Aurora. Wakaja sungura kutafuna magome wakati wa baridi, nikazungushia waya. Wakaja ndege, nikafunika wavu. Hesabu gharama zote, kisha litazame tena lile bakuli.

Sasa ule mzambarau wetu wa nyumbani Tabata, Dar es Salaam, nani aliuwekea wavu? Nani aliumwagilia hata kikombe? Ulikuwa unamwaga tu, mashati yanaharibika, tunachapwa, kesho tuko juu tena na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Umekatwa. Pale pana pevingi na fremu mbili, moja wakala wa pesa za simu, nyingine saluni.

Na hela ya pevingi nilituma mimi. Naisema mwenyewe kabla hamjaniumbua.

Najua yanayokuja. "Ushapata makaratasi, unatufundisha kupanda miti." "Wewe una bustani, sisi kiwanja ni ishirini kwa ishirini na wapangaji sita." Sawa. Kodi ya zile fremu ndiyo inayonunua dawa za Mama za presha, na zambarau hazijawahi kununua dawa. Hilo silibishi. Ninachobisha ni pevingi ya ukuta hadi ukuta, halafu mchana wa Februari mnanipigia mnalia joto, feni inazungusha moto, na kivuli mlikilipia fundi wa msumeno akaondoka nacho. Mlikilipia, nasema? Tulikilipia.

Mji huu wenyewe umepewa jina la tunda. Saskatoon ni beri ya mwituni, jina limetoka lugha ya Wacree, wenyeji wa asili wa huku, na hadi leo inaota kando ya mto, unapita unachuma. Na sisi Dar tuna mitaa ya Mwembechai, Mkwajuni, Mabibo, Mikocheni. Wewe wa Mikocheni unayenijia juu, koche umelila lini? Unaweza hata kuuchora mkoche?

Wala siringi. Ningepewa leo dodo moja la kula nimeinama, maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko, hivi vichaka vyote ningemwachia yule bibi. Ndiyo maana nakasirika. Mtu wa baridi anapigania bakuli, mtu wa jua anamwaga zege.

Jana usiku nikamwuliza kaka kama uani kumebaki hata kona. Akasema ipo moja, nyuma ya bafu, yanakotokea maji ya kuogea. Nikamwambia basi apande mpapai. Akasema nitume hela ya mche.

Mche wa mpapai! Dar es Salaam, mbegu unayoitema tu inaota!

Nimetuma.