Akisema "Naishi Vizuri", Tumwamini?

Mwaka 1999 watafiti Gary Albrecht na Patrick Devlieger walichapisha matokeo ya mahojiano yao na watu 153 wenye ulemavu. Zaidi ya nusu ya wale ambao ulemavu wao ulikuwa wa wastani hadi mkubwa walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Anayewatazama kwa nje angeapa kwamba ni mateso matupu. Basi ni nani anayeyajua maisha hayo?

Mimi naanza na mwenyewe. Hata Shirika la Afya Duniani linaeleza ubora wa maisha kuwa ni jinsi mtu anavyoiona nafasi yake maishani, ndani ya utamaduni wake, kwa kuzingatia malengo na matarajio yake. Dodoso lake fupi la maswali 26 linagusa mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. EQ-5D, dodoso jingine la kupima hali ya afya, ina mwendo tofauti. Mgonjwa anaeleza hali yake katika vipengele vitano, kama vile kutembea na maumivu, lakini namba inayopewa hali hiyo kwa kawaida hutokana na maoni ya watu wa kawaida, ambao wengi wao hawajawahi kuiishi. Namba hiyo ndiyo huingizwa kwenye hesabu za kama dawa inastahili gharama yake. Watetezi wa watu wenye ulemavu wamelalamika sana, na wana haki: maisha yaliyopewa alama ndogo huonekana hayana faida kuyarefusha.

Hata hivyo, kuna hoja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita. Mchumi Amartya Sen ameonya kwamba aliyezoea dhiki hupunguza matamanio yake ili aweze kuibeba. Ukimuuliza, atakwambia hana neno. Mpanga bajeti akilishika jibu hilo peke yake, atasema msaada hauhitajiki. Kwa hiyo maji, matibabu na usalama vipimwe kivyake, na kuridhika kwa mtu kusitumike kamwe kumpunguzia huduma.

Pagumu zaidi ni kwa wazee wenye demensia, yaani waliodhoofika kumbukumbu na fikra. Mtafiti anafungua dodoso, anauliza: "Bibi, usingizi wako ukoje?" Bibi anamgeukia binti yake. Binti, ambaye huu ni usiku wa tatu hajalala, anajibu: "Halali kabisa huyu." Kalamu inaandika. Binti hajadanganya, ila kilichoingia kwenye karatasi ni uchovu wake yeye, na bibi hajasema kitu. Tafiti nyingi zimekuta kwamba walezi huyaona maisha ya wanaowatunza kuwa duni kuliko wenyewe wanavyoyasema, hasa mlezi akiwa ameelemewa.

Ndiyo maana naliheshimu dodoso la QOL-AD, linalopima ubora wa maisha ya wenye demensia. Lina vipengele 13, maneno yake mepesi, na mgonjwa anajibu kivyake, mlezi kivyake. Linahitaji subira: kurudia swali, kungoja, kumwomba binti kwa adabu atoke nje kidogo. Wapo wanaoyachanganya majibu hayo mawili yawe alama moja. Mimi ningeyaacha yakae mbalimbali, kwa kuwa pengo lililo kati yake lina habari yake. Huenda bibi haioni hatari iliyo karibu naye. Au huenda binti anahitaji mtu wa kumpokea zamu ya usiku.